Haki ya Mwili juu ya Mwenyewe

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akamlinganisha viungo vyake, akampa riziki zilizo safi na akili ya kuzitumia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyeshika mwendo wao. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hawalihesabu kuwa ni katika mambo ya dini, nalo ni namna tunavyokula, na tunavyokwenda, na tunavyoitunza miili yetu. Mtu akisikia khutuba ya sala au zaka huinamisha kichwa akasikiliza; bali akisikia yatajwa sahani yake na tumbo lake hucheka, akasema, "Hayo mwachieni daktari." Sisi twasema: ni ya daktari, na ni ya dini vile vile, na dalili zake ni hizi tunazozileta.

Sahaba Abdullah bin Amr bin Al-As (R.A.) alikuwa kijana mwenye bidii kubwa ya ibada. Alikuwa akifunga kila siku mchana, na usiku kucha akisali. Habari zake zilipomfikia Mtume (S.A.W.), alimwita akamkataza, akamjulisha kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake yana haki, na mkewe ana haki, na wageni wake wana haki. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari. Na Abdullah alipokuwa mtu mzima, nguvu zimempungua, alikuwa akitamani lau angaliikubali ile nafuu aliyopewa na Mtume.

Tuzingatie hapa, ndugu zetu. Ikiwa mtu alikatazwa kuudhulumu mwili wake kwa saumu na sala, ambazo ni ibada, basi itakuwaje hali ya yule anayeudhulumu kwa sukari, na mafuta, na kukaa kitako tangu asubuhi mpaka usiku? Wa kwanza alikuwa na udhuru wa kutafuta radhi za Mola wake. Huyu wa pili ana udhuru gani?

Na katika Sura ya Al-A'raf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ameturuhusu kula na kunywa, kisha papo hapo akatukataza kupita kiasi, akatujulisha kwamba hawapendi wapitao kiasi. Ruhusa na makatazo yamo katika aya moja. Ajabu yetu sisi ni kwamba tumeishika nusu ya kwanza kwa mikono miwili, na ile ya pili tumeiacha ipite kama kwamba haikuteremshwa kwetu.

Hebu tuitazame hali yetu hapa mwambao, tangu Lamu na Malindi mpaka Mombasa. Asubuhi ni mahamri ya kukaangwa na mbaazi za nazi, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Saa nne ni sambusa au viazi karai, na chai nyingine. Adhuhuri ni wali wa nazi, sahani imepanda kama kichuguu, na mboga ni kidogo pembeni, kama kwamba imewekwa kwa kupamba tu. Alasiri ni kaimati au kashata na chai ya tatu. Usiku ni chapati, au chipsi za dukani na soda, na baada yake ni baraza mpaka saa sita, kisha mtu hulala na tumbo zito. Na baina ya chakula na chakula, mwendo wake ni upi? Kutoka mlangoni mpaka kwenye tuktuk, na kutoka kwenye tuktuk mpaka kwenye kiti.

Wazee wetu walikula wali wa nazi vile vile, huenda mtu akasema, wala hawakupatwa na haya. Ni kweli walikula. Lakini mzee huyo alikuwa akivuta jarife baharini, au akipanda minazi, au akibeba magunia bandarini, au akienda shambani kwa miguu na kurudi. Na bibi yetu alikuwa akitwanga kinuni, akiteka maji kisimani, akikuna nazi kwa mbuzi na kusaga kwa jiwe. Leo maji yako bombani, unga watoka dukani, na nazi yasagwa kwa mashine. Hizi ni neema, nasi hatumwambii mtu arudi kwenye kinu. Twasema tu kwamba kazi imeondoka na sahani imebaki vile vile, bali imeongezewa soda, nayo hesabu hiyo haiwezi kutoka sawa.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Katika uchunguzi uliofanywa nchi nzima hapa Kenya mwaka 2015, watu wazima 27 katika kila 100 walikutwa wamezidi uzito unaofaa. Kwa wanaume walikuwa kiasi cha 17 katika 100, na kwa wanawake zaidi ya 38. Basi msomaji na aihesabu nyumba yake na mtaa wake, aone kama hesabu hii yamhusu au haimhusu.

Na njia ya kujihesabu ni nyepesi. Mtu huchukua uzito wake kwa kilo, akaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Aliye na urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 77, atazidisha 1.60 kwa 1.60 apate 2.56, kisha atagawanya 77 kwa 2.56 apate 30. Madaktari wasema kwamba kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 umekuwa ni maradhi ya kutazamwa. Na asiyekuwa na mizani achukue utepe wa fundi cherahani, ajipime kiunoni. Mwanamume akipita sentimita 94, na mwanamke akipita sentimita 80, hatari imeanza kumkaribia.

Hatari gani? Mwili wenye mafuta mengi tumboni huanza kuikataa kazi ya insulini, nayo ndiyo maji yatokayo katika kongosho, yanayoifungulia sukari mlango wa kuingia viungoni. Mlango usipofunguka, sukari hubaki katika damu. Hapo ndipo tusikiapo, "Fulani ana sukari." Na sukari ikikaa katika damu miaka mingi huharibu macho, na mafigo, na mishipa ya fahamu ya miguuni, hata mtu huchomwa na mwiba asijue, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Pamoja nayo huja presha, na kwa presha huja kiharusi na maradhi ya moyo. Ni nani katika sisi asiyemjua mtu wa mtaani kwake aliyekwenda sala ya ijumaa kwa miguu yake mwaka huu, na mwaka wa pili yake akachukuliwa kwa kiti cha magurudumu?

Hapa ndipo pahala pa dini, ndugu zetu. Mtu huyu alikuwa akisimama katika sala, sasa asali ameketi. Alikuwa akifunga Ramadhani, sasa amekatazwa na daktari. Alikuwa na nia ya kwenda Hija, na mali anayo, lakini miguu haimchukui baina ya Safaa na Marwa. Alikuwa akiwalisha watu wa nyumbani kwake, sasa yeye ndiye wa kulishwa, na fedha za kuwasomesha wanawe zimekwenda katika dawa na kusafishwa mafigo. Tusiseme ni kila mgonjwa aliyejitia mwenyewe katika maradhi, kwani wako walioyarithi kwa wazee wao, na wako watoto wadogo wapatwao na sukari bila ya kosa lolote. Kumcheka mtu kwa unene wake ni dhambi, na kumtia aibu hakumponyi. Maneno yetu ni juu ya kile ambacho mtu anao uwezo wa kukizuia, naye hakizuii.

Tena tusikimbilie kusema, "Ni kadari ya Mungu." Maradhi ni kadari, na dawa ni kadari, na kujikinga ni kadari. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama watafute dawa, aliwaamuru watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, ila uzee. Na katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 195, tumekatazwa kujitupa katika maangamizo kwa mikono yetu wenyewe. Mkono utiao kijiko cha nne cha sukari, ilhali mwenyewe ameshaambiwa na daktari, ni mkono wa nani?

Na dawa ya jambo hili imejulikana tangu zamani. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.), alitufundisha kwamba hakuna chombo kiovu mwanadamu anachokijaza kuliko tumbo lake, na kwamba yamtosha matonge machache ya kumsimamisha mgongo. Na ikiwa hana budi kuzidisha, basi aligawe tumbo mafungu matatu: thuluthi ya chakula, thuluthi ya kinywaji, na thuluthi ya pumzi. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya aliweka mlango mzima wa kuzivunja shahawa mbili, na ya tumbo aliitanguliza mbele ya ile nyingine. Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Kiislamu aliyekufa mwaka 1037, katika Qanun yake aliyahesabu mazoezi ya mwili kuwa ni nguzo ya kuilinda afya. Elimu hii basi ilikuwa mikononi mwetu, tukaiweka rafuni ikashika vumbi.

Na wataalamu wa leo wameijaribu kwa hesabu. Huko Marekani walikusanywa watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda, lakini ugonjwa haujawashika. Wengine walipewa vidonge. Wengine walifundishwa kula kwa kiasi, wapunguze sehemu 7 katika 100 za uzito wao, na watembee dakika 150 kwa wiki. Wengine walipewa vidonge visivyokuwa na dawa ndani, ili wawe wa kulinganishiwa. Majibu yalitolewa mwaka 2002, baada ya kufuatwa kiasi cha miaka mitatu. Waliopewa vidonge vya dawa, ugonjwa ulipungua kwao kwa sehemu 31 katika 100. Na wale wa kula kwa kiasi na kutembea, ulipungua kwa sehemu 58 katika 100. Miguu na sahani zilishinda kidonge. Na yule tuliyempigia mfano wa kilo 77, sehemu yake ya kupunguza haifiki kilo sita. Je, hilo ni jambo la kumshinda mtu awezaye kufunga siku thalathini?

Sasa natuzijibu hoja tunazozisikia mabarazani.

Wako wasemao, "Sisi twasali, na sala ni mazoezi ya kutosha." Sala ni ibada, haikufaradhishwa kwa ajili ya kupunguza tumbo. Manufaa ya mwili inayo, lakini aliyeifaradhisha juu yetu ndiye yule yule aliyemtuma Mtume aliyekuwa akitembea, akipanda farasi, na akifanya kazi kwa mikono yake. Kila Jumamosi alikuwa akienda msikiti wa Quba, mara kwa mnyama na mara kwa miguu. Na watu wa Banu Salima walipotaka kuhama ili wawe karibu na msikiti wake, aliwaambia wabaki majumbani mwao, kwani hatua zao zaandikwa. Leo sisi twapanda pikipiki kwenda msikiti ulio mtaa wa pili, kisha twasema sala yatosha kuwa mazoezi! Tuzirudishe hatua zetu kwanza.

Wako wasemao, "Kupungua ni dalili ya dhiki, na kunona ni dalili ya raha. Mke akikonda watu watasema mumewe hamtunzi." Hii ni ada, wala si dini. Dini imeisifu nguvu, haikuusifu unene. Mtume (S.A.W.) ametujulisha, kama alivyopokea Muslim, kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na apendwa zaidi na Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri. Na Talut alipochaguliwa kuwa mfalme wa Bani Israili, alizidishiwa mambo mawili, elimu na mwili, kama ilivyo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 247.

Wako wasemao, "Mazoezi si ya wanawake." Hawa twawaelekeza kwa Bibi Aisha (R.A.), ambaye ametusimulia mwenyewe, katika hadithi iliyomo kwa Abu Dawud, kwamba alishindana mbio na Mtume akamshinda, kisha, baada ya kunenepa, walishindana tena, na Mtume akamshinda, akamwambia kuwa hii ni malipo ya ile ya kwanza. Mtume wa Mungu alikimbia na mkewe, na sisi twaona haya hata kutembea nao! Na hesabu tuliyoitaja ya mwaka 2015 yaonyesha kuwa wanawake ndio waliozidiwa. Mwanamume anayemzuia mkewe asitoke hata kutembea, na wala asimtafutie pahala pa sitara wala saa ya faragha, amechukua amana asiyoitimiza. Ni wepesi kwa wanawake wa mtaa mmoja kukusanyika baada ya alfajiri, wakatembea pamoja katika heshima yao kabla jua halijapanda. Hakuna sheria inayoharibika kwa hilo.

Na wako wasemao, "Mgeni asiposhiba mpaka ashindwe kuinuka, hatukumkirimu." Katika hoja zote hii ndiyo nzito, kwani ukarimu ni fahari ya watu wa mwambao, nasi hatutaki uondoke. Lakini tujiulize: tumkirimuye ni mgeni, au ni maneno ya watu? Arusi zetu hupikwa biriani ya kulisha mitaa miwili, na bwana arusi akaanza maisha yake na deni, na chakula kikatupwa asubuhi, ilhali nyuma ya ukuta yuko mjane aliyelala na uji mtupu. Hapo israfu imekuwa tatu: ya mwili, ya mali, na ya haki ya jirani. Karamu ya arusi ni suna, wala kiasi chake hakikuwekwa kuwa ni kushindana.

Na Ramadhani yetu nayo yahitaji kutazamwa. Mwezi wa kupunguza tumeufanya mwezi wa kuzidisha. Meza ya futari huwekwa mihogo ya nazi, na viazi, na tambi za sukari, na sambusa, na kaimati, na sharubati, vyote kwa mara moja, kisha kikafuata chakula cha usiku, kisha daku. Wako watokao katika mwezi huo wazito kuliko walivyoingia, na katika tarawehe wakawa hawawezi kuinama kwa shibe. Saumu ya namna hii mchana imefunga, na usiku imelipa kisasi. Na hapa tumkumbushe mgonjwa wa sukari, hasa ajidungaye insulini, kwamba asiamue peke yake kufunga wala kuacha dawa. Na aende kwa daktari kabla mwezi haujaandama. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Qurani, Sura ya Al-Baqara, aya za 184 na 185, na kuikubali ruhusa ya Mungu ni utiifu.

Basi tufanye nini? Mambo makubwa hayatakiwi, nasi twayataja machache ambayo tajiri na maskini wote wayaweza.

La kwanza ni sukari. Shirika la Afya Duniani lasema yatosha, na ndiyo bora, sukari ya kuongezwa isipite gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 300 yakaribia kuvimaliza vyote, au kuvipita. Na anywaye vikombe vinne vya chai kwa vijiko vitatu vitatu, amekunywa kumi na mbili kabla hajagusa kashata. Apunguze kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utazoea. Maji na yarudi mezani pahala pa soda.

La pili ni sahani. Nusu yake iwe ni mboga: mchicha, matembele, mabamia, kisamvu, na kachumbari. Robo iwe ni samaki, au kunde, au mbaazi. Robo iliyobaki ndiyo ya wali au chapati. Bahari yetu ina samaki, na samaki wa kuchoma ni mtamu bila ya kuogeleshwa katika mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, na gramu ya wanga ina 4. Basi apikaye kwa kasimele kila siku na akaange juu yake, amezidisha maradufu asijue. Tui jepesi latosha, na kasimele na liwe la siku ya sikukuu. Na chumvi isipite gramu 5 kwa mtu kwa siku, nayo ni kama kijiko kimoja cha chai, kwa ajili ya presha.

La tatu ni mwendo. Dakika 150 kwa wiki ni nusu saa kwa siku tano. Baina ya alfajiri na kuchomoza jua pana nafasi, na baada ya alasiri ufuo haudai kiingilio. Vijana wacheze mpira, waogelee, wapige makasia, sharti sala isipitwe. Mwenye duka ashuke tuktuk mtaa mmoja kabla ya kufika. Mzee atembee kwa kadiri yake. Na ambaye ana maradhi ya moyo amuulize daktari kwanza.

La nne ni usiku. Mtume (S.A.W.) alikuwa hapendi mazungumzo baada ya isha. Sisi baraza zetu ndipo zinapoanza, na pamoja nazo sigara, na mirungi, na sahani ya mishkaki. Alalaye mapema huamka kwa alfajiri, na huepukana na vishawishi hivyo vyote kwa mara moja.

La tano ni kujihadhari na wauzao dawa za kukondesha, za unga na za vidonge, zisizojulikana zimetengenezwa na nani wala zina nini ndani. Maradhi yaliyokuja kwa miaka kumi hayaondoki kwa chupa moja ya wiki mbili. Kadhalika hirizi haishushi sukari. Kipimo cha damu ndicho chenye kusema kweli, na kila aliyevuka miaka arubaini, au mwenye mzazi aliyekuwa na sukari, na akapime.

Tena twaomba wazee wa misikiti na wenye kuandaa maulidi na arusi waanze wao, kwani mtu mmoja akipunguza peke yake huitwa bahili, bali watu kumi wakipunguza pamoja huwa ndiyo ada. Akitokea mkubwa mmoja katika mtaa akaweka karamu ya kiasi, na kilichobaki akakipeleka kwa mayatima, atakuwa amewafungulia njia maskini mia ambao walikuwa wakiogopa kusemwa.

Ndugu zetu, mwili huu hatukuununua, wala hatutauuza. Tumeazimwa, na mwenyewe ataudai. Siku hiyo hatutaulizwa tulikuwa wanene au wembamba, lakini tutaulizwa juu ya neema tulizopewa tulizifanyia nini, na afya ni katika zilizo kubwa. Basi aliye mzima na amshukuru Mungu kwa kuutunza uzima wake, na aliye mgonjwa asikate tamaa, kwani hata hatua chache za leo zina faida kuliko majuto ya kesho.

Ewe Mola wetu, tupe kutosheka na kidogo kilicho halali, tuondolee tamaa ya tumbo, waponye wagonjwa wetu, na utupe nguvu katika viungo vyetu ili tukuabudu kwazo tukiwa tumesimama, muda wote utakaotuweka hai. Amin.